Msimu Maziwa Yalipokataa Kuganda

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu mwili wangu hautulii. Mama mdogo, ambaye ninaishi kwake, amesema nikiendelea kuzungukazunguka jikoni nitachimba handaki. "Andika," amesema. "Au fuma. Lakini kaa." Kufuma siwezi.

Basi nianze na kazi. Mimi ni mtu wa maabara katika kiwanda kidogo cha maziwa. Tunapokea maziwa ya wafugaji, tunayachemsha, tunayapoza, tunatia mbegu, yanaganda, yanakuwa mtindi. Mbegu ni bakteria. Nilipoajiriwa mwaka jana nilikuta mbegu ya zamani, mtindi wa jana ukianzisha wa leo, mtungi kwa mtungi, miaka kumi na minane. Mtunzaji wake alikuwa mama mmoja ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Mbegu. Nikaichunguza mbegu yake. Ilikuwa mchanganyiko wa aina ishirini na tatu, wengine hodari, wengine wavivu, wengine sijui walikuwa wakifanya nini humo. Nikawatenga, nikawashindanisha. Wa saba aliwaacha wenzake mbali. Nikamwita Namba Saba. Kazi ambayo mtungi wa Mama Mbegu uliifanya kwa saa kumi, yeye aliimaliza kwa sita, na kila siku ladha ni ile ile. Meneja akafurahi. Mbegu ya zamani tukaimwaga, mpira wa maji nikiushika mimi mwenyewe, na Mama Mbegu akahamishiwa kwenye karo la kuosha chupa.

Mvua imeanza leo. Majani yataota, ng'ombe watajaa maziwa. Huu ndio msimu wetu.

Jumanne, 5 Machi

Lita elfu moja na mia nane. Yameganda kwa saa sita kamili. Viatu vimelowa.

Jumatatu, 11 Machi

Tangi la pili limechukua saa saba na nusu. Nimepima joto mara nne, ni lile lile. Nimekaa, nimesimama, nimeenda kuchungulia tangini kama mpishi asiyeamini moto wake. Mama Mbegu ameniona kutoka kwenye karo lake. Mama huyu akinyamaza ndipo anaposema.

Jumanne, 12 Machi

Saa sita na robo. Wasiwasi wa bure.

Jumanne, 19 Machi

Saa tisa.

Nimebadilisha kipimajoto. Nimebadilisha chujio. Nimempa Namba Saba maziwa mapya kabisa kwenye chupa ndogo, akayagandisha vizuri kwa saa sita, kama kawaida yake. Kwa hiyo mbegu ni nzima. Basi tatizo ni tangi, au maji, au maziwa, au mimi.

Nyumbani nimemletea mama mdogo mtindi wa leo. Ameonja, ameweka kijiko chini. "Mtindi wenu wa siku hizi," amesema, "ni kama mtu aliyevaa vizuri asiye na mazungumzo."

Nimemwambia unapimwa kitaalamu.

"Sijasema haujapimwa," amesema.

Ijumaa, 22 Machi

Tangi la pili tulilitia mbegu jana mchana. Leo asubuhi nimefunua kifuniko nikakuta maziwa. Maziwa matupu, yenye harufu ya kitambaa kibichi.

Tumemwaga lita elfu moja. Yamepita mferejini mpaka nje ya geti, meupe, na watu barabarani wamesimama kutazama kama wanaotazama ajali.

Meneja ni mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Ameingia maabara bila kubisha. "Kuna mtu ametuletea maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano. Nataka jina leo."

Si wazo la kijinga. Ng'ombe akitibiwa kwa dawa ya kuua bakteria, maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa kwa siku kadhaa, maana dawa hiyo hupita humo na kuiua mbegu yetu. Ndiyo maana tunaweka chupa ndogo ya maziwa ya kila mchukuzi anayetukusanyia kwa wafugaji. Nilikuwa na vijiti saba vya kupimia dawa, na wachukuzi ni saba. Kimoja kimoja. Vijiti sita vilionyesha mistari miwili, yaani maziwa safi. Cha saba, mstari wa pili ulififia. Haukupotea, ulififia tu.

Kanuni inasema jibu lenye shaka lirudiwe. Vijiti vilikuwa vimekwisha, na Meneja alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

Nimeandika jina la Kengele.

Kengele ni mchukuzi wa upande wa mlimani. Anafika wa kwanza kila siku, kwa baiskeli yenye kengele kubwa kama ya shule, anayoipiga tangu kona ya mwisho ili geti lifunguliwe. Jina lake halisi nalijua kwa sababu liko kwenye daftari la mapokezi. Mimi ananiita Daktari wa Wadudu. Kila asubuhi: "Daktari, wanao wameamkaje?" Nami namjibu: "Wameamka na njaa, lete maziwa."

Jumamosi, 23 Machi

Meneja hakungoja hata Kengele ashushe mikebe. Alimsimamisha uani mbele ya wachukuzi wote na wasichana wa chupa.

"Unawalisha watu dawa," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Watoto wadogo wanakunywa hayo maziwa."

Kengele alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alinitafuta kwa macho.

"Daktari, hebu mwambie. Wale ng'ombe nawajua kuliko shemeji zangu. Angechomwa mmoja ningeambiwa kabla mwenye sindano hajafika kwake."

"Kipimo kimeonyesha," nikasema.

"Umerudia?"

Sijui alijuaje kuuliza hivyo. Nikasema, "Kipimo ni kipimo."

Amesimamishwa kazi mpaka hapo itakapoamuliwa, maana yake ni kwamba amefukuzwa. Mtu mmoja kwenye foleni amesema "muuaji," si kwa sauti kubwa, lakini sote tumesikia. Kengele amegeuza baiskeli yake na mikebe ikiwa imejaa. Njia ya kwenda mlimani ni ya kupanda, na leo ilikuwa tope tupu.

Jumatatu, 25 Machi

Tumesafisha matangi yote. Saa saba.

Jumatano, 27 Machi

Saa sita na nusu. Meneja amenipiga bega. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Mama mdogo ameuliza kama ni kweli yule mtu wa baiskeli alikuwa akiuza sumu. Nimesema ni dawa, si sumu. Amesema mtaani hawajui tofauti.

Jumatatu, 1 Aprili

Matangi yote mawili. Hakuna hata dalili ya kuganda.

Na ndani yake hakuna tone la maziwa ya mlimani.

Jumanne, 2 Aprili

Vijiti vipya vimefika kwa gari la asubuhi. Nimefunga mlango wa maabara, jambo ambalo silifanyi kamwe. Chupa ya Kengele ya siku ile bado ilikuwa kwenye barafu. Nimeiyeyusha, nimepima. Safi. Nimepima tena. Safi. Mara ya tatu nimemwaga nusu ya maziwa juu ya meza, lakini jibu lilikuwa safi.

Kisha nimelitafuta pakiti la vijiti vya zamani. Muda wake ulikwisha mwezi wa kwanza.

Nimelikunja pakiti, nimelitia mfukoni. Liko mfukoni sasa hivi ninapoandika. Sijamwambia mtu. Kesho nitasema. Kwanza nijue ni nini kinachoua maziwa, ndipo niseme yote pamoja. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili angefanya.

Hapana. Hivyo ndivyo mwoga angefanya, lakini nimechoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimelijua.

Juzi nilichukua maji ya maziwa yaliyokataa kuganda, nikayapitisha kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawezi kupita. Kilichotoka kilikuwa maji meupe hafifu, hakuna kiumbe ndani, au ndivyo chujio linavyodai. Nikamwotesha Namba Saba kwenye kisahani mpaka akatanda kama utando mmoja mweupe, nikadondosha tone moja la yale maji katikati.

Leo asubuhi kisahani kilikuwa kimetoboka. Vishimo vya duara, visafi, kama nguo iliyoliwa na nondo.

Ni virusi. Wapo virusi wanaokula bakteria tu, mtu hawamdhuru, na kila kirusi ana bakteria wake anayemjua. Huyu amejifunza kumfungua Namba Saba. Na Namba Saba wote, mabilioni kwa mabilioni, ni nakala moja. Ukipata ufunguo wa nyumba moja umepata wa mji mzima. Kila siku kwa miezi minane nimemwekea kirusi meza ile ile, chakula kile kile, naye amezaliana matangini, mabombani, labda hata hewani. Chupa yangu ndogo ya majaribio iliganda kwa sababu ilikaa maabara, mbali naye.

Mtungi wa Mama Mbegu ulikuwa na aina ishirini na tatu. Kirusi angemla mmoja, wawili, wengine wangeendelea na kazi. Wale wavivu niliowacheka. Nilihifadhi nakala zao zote kwenye friza, sikuwa mjinga kiasi hicho. Friza likaharibika mwezi wa kumi na mbili. Nikasema si neno, bingwa tunaye.

Nimetembea kutoka maabara hadi getini na kurudi mara sijui ngapi. Mlinzi ameniuliza nimepoteza nini.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemweleza Meneja kuhusu virusi. Nimeeleza vizuri, na kisahani nimemwonyesha. Kuhusu kijiti cha Kengele sikusema. Hakuuliza.

Ameagiza mbegu ya unga kutoka ng'ambo. Wiki tano. Mpaka hapo hatupokei maziwa ila ya kuchemsha na kuuza siku hiyo hiyo, robo ya kawaida. Robo! Na mvua imeshika, kila zizi limefurika. Wachukuzi wamerudishwa getini. Nimeona kwa macho yangu mikebe ikimwagwa kwenye mtaro wa barabarani, na wenye ng'ombe wamesimama pembeni.

Jumanne, 9 Aprili

Tumepulizia dawa kila kitu, hadi dari. Tumejaribu Namba Saba mara ya mwisho. Hakugandisha.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwona Kengele. Anabeba mchanga kwenye jengo jipya karibu na benki, karai begani, tope mpaka magotini. Nimepita mtaa wa nyuma.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimemweleza mama mdogo yote, isipokuwa lile la mfukoni. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika mahali pa mbegu ya zamani kumwagwa, akainua kichwa.

"Ile ya zamani? Si nusu ya mtaa huu wanayo?"

"Wanayo vipi?"

"Mama Mbegu alikuwa anagawa. Ukipata mtoto, kikombe cha mtindi. Ukihama nyumba, kikombe. Mtu anakwenda nao kwake, anaendeleza. Mimi wangu niliuua mwenyewe, nilisafiri wiki mbili nikausahau. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimevaa viatu kabla hajamaliza.

Mama Mbegu nimemkuta kwake anaanua nguo, mvua inanyemelea. Hakunikaribisha. Nilipouliza habari za vikombe, uso ulifungika.

"Mimi sijagawa kitu cha kiwanda. Nani amesema? Unataka sasa nifukuzwe hata kwenye chupa?"

"Sitamwambia Meneja."

"Wewe?" Alicheka kicheko kifupi. "Wewe uliyeshika mpira wa maji? Miaka kumi na minane niliamka alfajiri kwa ajili ya ule mtungi. Nimezaa watoto wawili nao ukiwa unanisubiri. Ulikuja na makaratasi yako, ukauita uchafu."

"Sikusema uchafu. Nilisema mchanganyiko."

"Ulivyolitamka ilikuwa uchafu."

Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa lile pakiti, nikamwonyesha tarehe, nikamweleza. Nadhani nilitaka kumpa kitu cha kunishika nacho, ili tuwe sawa. Alisoma tarehe akilishika pakiti mbali na macho. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya shuka.

"Kwa hiyo yule kijana wa watu hakufanya kitu."

"Hakufanya."

"Na umekaa nalo siku ngapi?"

"Kumi."

Nilidhani atanifukuza. Alinitupia ncha moja ya shuka tukunje pamoja. "Ninyi watu wa maabara," alisema, "mnaosha mikono kila saa, sijui mnaosha nini." Tulipomaliza alinitajia nyumba kumi. Ya kumi ilikuwa ya Kengele. "Nilimpa mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza. Nenda. Lakini huko sikusindikizi."

Alhamisi, 18 Aprili

Siku sita, nyumba tisa, chupa tisa.

Mwalimu mstaafu ameniwekea wake kwenye birika la chai lenye kifuniko cha sahani, na amenitaka nisaini kwenye kijitabu. Dereva wetu wa gari la maziwa, ambaye kila siku ananiona, amekiri mkewe hajawahi kunywa mtindi wa Namba Saba hata siku moja. Mlinzi, yule aliyeniuliza nimepoteza nini, alihamia bondeni miaka kumi iliyopita, na mtindi wake una harufu kali ya kukata pua. Ameumimina kidogo kiganjani na kuunusa kama ugoro, akaniambia: "Huu haujawahi kunigomea." Kila nyumba wanasema wao ndio wenye mbegu halisi, majirani wameharibu yao.

Nyumba ya kumi nilifika jana mchana. Mke wa Kengele alifungua mlango, akaniona mimi, akaiona chupa. Nilifungua kinywa. Nilichosema, Mungu anisamehe, kilikuwa: "Shikamoo, samahani, nimeambiwa mna mbegu ya zamani." Hilo ndilo lililotoka kwanza.

Alifunga mlango, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Jumatatu, 22 Aprili

Visahani viko mezani vimepangwa. Kila mbegu nimeidondoshea yale maji ya virusi. Ya mwalimu: nzima. Ya dereva: matundu machache, mengine yote meupe. Ya mlinzi: nzima kabisa, haina habari. Tisa zote zimesimama. Hata zilizotoboka zilitoboka mahali mahali, na pembeni wengine walikuwa wanaota kana kwamba hakuna msiba.

Sampuli za zote tisa nimempelekea Miwani, niliyesoma naye, sasa yuko kwenye maabara ya chuo ambako wanasoma vinasaba. Nataka kujua ni nani hawa.

Jumatano, 24 Aprili

Tumechanganya zote tisa; Meneja nimemwambia tu zimetoka majumbani. Nilimwomba Mama Mbegu aje atie yeye. Alitazama kushoto na kulia kama kuna mtego, akafunga kanga yake upya, akatia.

Saa kumi na dakika ishirini. Yameganda. Mwiko unasimama.

Wasichana wa chupa wamepiga vigelegele. Meneja ameniambia mbele ya wote: "Umeokoa kiwanda." Mama Mbegu alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama mimi, wala hakukunja uso. Alikuwa anasubiri tu.

Jumatatu, 29 Aprili

Matangi yote mawili, siku ya nne. Wachukuzi wamerudi, foleni ni ndefu. Nimekwenda ofisini, nimeweka pakiti la vijiti mezani pa Meneja. Nimeeleza kuanzia mstari uliofifia.

Alilisukuma pakiti kando kwa ncha ya kalamu.

"Yule mtu ameshapata kazi nyingine."

"Anabeba mchanga."

"Ni kazi. Sikiliza. Watu ndiyo kwanza wameanza kutuamini tena. Ukifukua hili, watasema vipimo vyetu vyote ni vya uongo. Liache lilale."

"Halilali, bosi. Nimejaribu."

"Basi ni lako. Ukilisema, utalisema kama wewe. Na chumba cha mbegu utakiacha."

Nimetoka. Miguu imenipeleka mpaka mwisho wa barabara ya lami kabla sijagundua kwamba mvua inaninyeshea.

Ijumaa, 3 Mei

Nimelisema. Asubuhi, kwenye mapokezi, wachukuzi wote wakiwa kwenye foleni. Nilikuwa nimeandika barua ukurasa mzima, nikaishika, nikaona maneno yanakimbia, nikaikunja. Nimesema: maziwa ya Kengele yalikuwa safi, kijiti kilikuwa kimekwisha muda, sikurudia, nilijua tangu tarehe mbili Aprili nikanyamaza. Mbegu ndiyo iliyoshindwa, na mbegu niliichagua mimi.

Mchukuzi mmoja, yule yule aliyesema "muuaji," akauliza, "Kwa hiyo sisi tulimsema bure?" akitazama mkebe wake na si mimi.

Kuanzia leo niko mapokezi, napima maziwa yanayoingia. Mama Mbegu amerudishiwa ufunguo wa chumba chake. Kengele hakuwepo. Meneja amemwandikia arudi, mistari miwili.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwenye jengo saa ya chakula. Kengele alikuwa amekaa juu ya matofali na wenzake. Hakusimama. Niliyasema yote tena, mbele ya wenzake, kwa sababu niliona hivyo ndivyo ilivyo haki. Mmoja wao alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nimesikia," alisema Kengele. "Na barua ya bosi wako nimepata."

"Utarudi?"

"Ng'ombe hawana kosa. Nitarudi." Alijipangusa mchanga mikononi. Hakuniita Daktari. "Lakini mimi uliniumiza asubuhi moja. Mchana mzima niko huku, kelele za mashine ya kuchanganya zege, sisikii neno. Mama watoto ndiye aliyebaki mtaani. Watu wamekataa kununua maandazi yake, eti nyumba ya sumu. Cherehani yake ameiuza. Wewe umeniomba msamaha mimi, ni vizuri. Mimi si mtu wa kwanza kwenye foleni."

Jumanne, 14 Mei

Mvua zinapungua. Miwani amepiga simu, amefurahi hadi anakatika maneno.

Wote wametoka mtungi mmoja, anasema, hilo linaonekana wazi katika vinasaba vyao. Lakini kila jiko limekuwa kijiji chake. Kikombe kimoja hakibebi wote. Wengine waliachwa tangu siku ya kwanza, wengine wakapotea njiani, wengine wakabadilika wakawa wengine kabisa. Kwa mwalimu ziko aina kumi na nne. Kwa mlinzi, bondeni, ziko sita tu, na mbili kati yake hazipo mahali pengine popote. Jumla ni thelathini na moja, nyingi kuliko zile nilizozihesabu mimi mwanzoni.

"Na zile ishirini na tatu zako za kwanza, za kwenye kumbukumbu ulizonitumia," amesema, "kumi na tisa nimeziona. Nne hazipo."

"Zimekufa?"

"Au ziko kwenye jiko ambalo hukufika."

Nilimweleza Mama Mbegu. Aliendelea kukoroga. "Nikupe kalamu uandike ukoo wao wote," alisema, "au utanisaidia kubeba ndoo hii?" Nikabeba ndoo.

Jumatatu, 20 Mei

Leo ni kukavu. Nimeomba ruhusa saa nne asubuhi, nimekwenda nyumba ya kumi.

Nyumba zile zinazunguka ua mmoja, milango minane, bomba moja katikati. Wanawake walikuwa wanafua. Nilipoingia sauti za maji zilibaki peke yake. Mke wa Kengele alikuwa mlangoni kwake anashona kifungo kwa mkono, shati la kiume. Alitazama mikono yangu.

"Chupa iko wapi?"

"Sikuja na chupa."

"Umekuja na nini?"

Nikamwambia. Nilisogea karibu, nikainama kidogo kwa sababu yeye alikuwa amekaa, nikamweleza kijiti, tarehe, siku kumi, siku thelathini na moja, maana kwa hesabu ya kweli zilikuwa siku thelathini na moja kabla sijafungua kinywa mbele ya watu. Nikamwambia mumewe hakuleta kitu kibaya. Nikamwambia kosa lilikuwa langu na kwamba siwezi kurudisha cherehani kwa kusema, lakini nasema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikata uzi kwa meno. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye ua, kwenye yale mabeseni na migongo iliyokuwa inajifanya inafua.

"Siku ile mlipomsema," alisema, "hamkunong'ona."

"Hapana."

"Basi simama pale kwenye bomba. Useme tena. Wote wapo."

Nilitembea hadi kwenye bomba. Mwanamke mmoja alikuwa anajaza ndoo. Alilifunga bomba. Nilianza kwa jina langu, na mahali ninapofanya kazi, nikapaza sauti.